Kuku Sita wa Kipaimara

Tangu asubuhi nnasikiliza ngazi. Nimeinuka mara nne kwenda kufunua sufuria lisilohitaji kufunuliwa, na kila nikirudi kukaa nategea tena sikio juu. Binti yangu ananiambia, "Mama, tulia basi," na mimi namjibu kwamba nimetulia, huku nimeshika kitambaa natafuta pa kupangusa. Nnamsubiri jirani yangu ateremke kuja kumtazama kuku wangu aliyechinjwa. Ndiyo, kuku. Cheka tu, na mimi ningecheka kama yangekuwa yamemkuta mtu mwengine.

Naishi Mji Mkongwe, chini, katika nyumba kuukuu yenye ua katikati. Juu yangu anakaa huyo jirani, mimi humwita Bi tu. Ni mtu mzima, asili yake Mwarabu, wazee wake walikuwa na mashamba ya karafuu, na yeye sasa ana vyumba viwili, cherehani na magoti mabovu. Dirisha lake la jikoni linaangalia uani kwangu. Miaka zaidi ya ishirini tumezungumza kwa dirisha hilo kuliko kwa mlango. Asubuhi nikimwambia "Shikamoo Bi," yeye "Marahaba mwanangu, maji yanatoka huko?" na siku imeanza.

Mimi ni Mkristo. Nalisema mapema kwa sababu watu hunisikia Kiunguja changu, wakaona mtandio wangu, halafu wakiona na msalaba huniuliza, "Aa, kumbe umetoka bara?" Khaa! Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Mbweni kwa watu wa misheni, akazikwa hukohuko. Bara nimekwenda mara tatu, na zote nimerudi naumwa. Swali hilo limeniudhi umri wangu mzima, na nadhani siku ya kuku wa kipaimara lilikishika kisu pamoja na mimi.

Maana kwetu Mkristo akitaka kualika, hachinji mwenyewe. Humwita Muislamu amchinjie, ili kila atakayekaa kwenye mkeka ale bila ya wasiwasi. Hakuna mahali palipoandikwa. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu akafanya hivyo, na mimi nikafuata. Wangu mimi alikuwa mzee mmoja muuza kahawa wa kichochoroni petu. Anakuja na kisu chake mwenyewe, anakinoa kwenye ukingo wa kisima, anapiga bismillahi, dakika tano keshamaliza. Nampa chai na mkate wa kumimina, anakwenda zake.

Binti yangu wa mwisho alipokaribia kupata kipaimara, baada ya Pasaka, nilipania. Nilinunua majogoo sita wa kienyeji. Bi ndiye aliyemshonea mtoto gauni jeupe, na nilipomuuliza nimpe nini alinikemea: "Ala! Mtoto ni wako peke yako?" Alitia vifungo vidogo mgongoni, kumi na viwili, nilivyovileta mwenyewe kutoka dukani kwangu Mlandege ninakouza vifungo na nyuzi. Jioni ya Jumamosi mzee wa kahawa akaniahidi kuja alfajiri, akitoka tu msikitini.

Alfajiri hakuja. Nikasubiri mpaka kumekucha. Nikamtuma binti yangu kwake, akarudi na habari kwamba mzee amekwenda Mangapwani kuzika, mama mkwe wake amefariki usiku. Innalillahi. Utamlaumu mtu kwa msiba? Saa mbili askofu anaingia kanisani, mimi niko uani na kanga moja, majogoo sita wamefungwa miguu wananikodolea macho.

Sasa nitasema ukweli wote. Mji mzima wa Waislamu, ati nimekosa wa kunichinjia! Ningetoka tu mlangoni nikamwambia yeyote anayepita, "Ndugu yangu, nisaidie," angenisaidia. Nilijua. Lakini siku mbili nyuma kijana mmoja sokoni alikuwa ameniambia, "Nyinyi watu wa bara mnapenda kupunguziwa," na neno lile lilikuwa bado limenikaa kooni. Nikajiambia: jiko langu, kuku wangu, sherehe ya mwanangu, kwa nini nisubiri mkono wa mtu? Na mimi ni mwalimu, Jumamosi jioni nafundisha darasa la watu wazima kanisani. Simjui Paulo? Si yeye aliyewaandikia Warumi kwamba hakuna kitu kilicho najisi kwa asili yake? Basi nikachukua kisu cha mboga.

Nikawachinja wote sita. Nikawachinjia kwenye pembe ya ua, chini ya bati, mahali ambapo dirisha la Bi halifiki. Wala sikupiga hesabu, miguu ilikwenda yenyewe, lakini ilijua inakokwenda. Kama nilikuwa na haki kiasi kile, nilijificha nini?

Nilikuwa ndiyo kwanza namnyonyoa wa pili Bi akafungua dirisha. Uso bado una maji ya udhu.

"Mwanangu, umeshachinjiwa?"

"Nshachinjiwa, Bi."

"Alhamdulillahi. Haya, fanya haraka, mtoto asichelewe."

Akafunga. Basi, yalikuwa hayo tu. Neno moja, na wala hakuliuliza mara mbili.

Misa ilikuwa nzuri, naambiwa. Mimi nakumbuka vifungo kumi na viwili vya gauni la mwanangu alipopiga magoti mbele ya askofu, na askofu akimwekea mikono. Saa saba watu wakaja. Waislamu walikuwa wachache siku hiyo, wengi wa mtaani walikuwa wamekwenda mazikoni. Bi alikuja. Aliteremka ngazi zile moja moja, amevaa buibui lake zuri, ananukia udi, akakaa mkekani kwenye sinia moja na mimi. Akala. Wallahi alikula kama nilivyokuwa sijamwona akila tangu kufiwa na mumewe. "Kuku wako leo mtamu," akasema, "umemtia nini?" Nikacheka. Akaomba na bakuli moja ampelekee dada yake mgonjwa, nikalijaza kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku tatu baadaye mzee wa kahawa alirudi kutoka msibani. Badala ya mimi kumpa pole kwanza, yeye akaanza: "Nisamehe, nilikuangusha. Nani alikuchinjia?" Nikamwambia nilipata mtu. "Ahsante Mungu," akasema, na alifurahi kwelikweli. Nikapanda juu ya uongo wa kwanza nikaujengea ghorofa.

Hapo ndipo utulivu uliponihama. Dukani nilikata zipu nusu mita fupi, mteja aliyetaka uzi wa buluu nikampa wa kijani. Bi akinisemesha dirishani nilikuwa nikisingizia maziwa yanachemka. Siku moja alinishushia kikapu kwa kamba, ndani sahani ya vitumbua, na mimi nilisimama uani chini ya kile kikapu nikatamani aikate kamba kiniangukie. Ningekuwa nimeuiba mkufu wake ningeurudisha. Lakini nyama iliyokwisha liwa unairudisha vipi?

Nikajitetea, maana kusoma nimesoma. Si Paulo huyohuyo aliyewaambia Wakorintho wale kinachouzwa sokoni bila ya kuulizauliza? Bi hakujua, kwa hiyo hakukwazika. Na hata kwao, nilishasikia shekhe mmoja redioni akieleza kwamba chakula cha waliopewa Kitabu kina ruhusa yake. Hebu nitazame! Padri sijamuuliza bado, shekhe namtafutia redioni.

Halafu darasani ikafika zamu ya mlango ule hasa wa Wakorintho, wa nyama na dhamiri ya ndugu. Sikuupanga mimi, ulikuwa kwenye utaratibu wetu. Nilieleza vizuri tu: kwamba Paulo hakuwa na shida na nyama, shida yake ilikuwa ni yule anayekaa naye mezani. Kwamba ujuzi humvimbisha mtu, na upendo humjenga mwenziwe. Mama mmoja anayefua mashuka katika hoteli upande wa Mbweni, mtu asiyependa kusema, akainua mkono.

"Mwalimu, na kama ndugu yangu hajui? Nimemlisha, hajui. Nimemkosea?"

"Kama hajui hakukwazika," nikamjibu, haraka mno.

"Siulizi kama amekwazika," akasema. "Nauliza juu yangu mimi."

Nikatazama saa, nikasema tutaendelea wiki ijayo. Tukasali. Nilikwenda nyumbani kwa miguu njia ya mbali, nimekasirika, na hasira zenyewe nimekosa pa kuzitupa kwa sababu yule mama hakuwa na kosa lolote.

Nikaenda kuungama. Padri wetu ni mtu mwema na mwenye hofu. Alinisikiliza, akaniondolea dhambi kwa jina la Bwana, halafu akashusha sauti. "Usimwambie," akasema. "Sisi ni wachache hapa. Jambo la kuchinja ni jambo zito. Kwa ajili ya amani, liache kwa Mungu." Nilishukuru. Nilitoka mwepesi nikafika mpaka mlango wa nyumba yetu, nikasikia cherehani ya Bi inalia juu, na uzito wote ukanirudia pale pale kizingitini. Naamini Mungu alinisamehe, hilo silibishi, ndilo ninalofundisha. Lakini Mungu hakuwa ameniuliza dirishani. Aliyeniuliza alikuwa Bi. Na Bwana alisema wazi kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, sadaka iache hapo hapo mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye. Nililifundisha neno hilo kila mwaka na kila mwaka nilidhani linawahusu wale wanaogombana.

Jumapili iliyofuata sikwenda kupokea komunyo. Nilikaa kwenye benchi nikajifanya nnakohoa.

Wiki hiyohiyo mtaa ukajaa habari: watoto wa Bi walioko Maskati wamemlipia, Bi anakwenda Hija. Vigelegele juu, vigelegele chini. Na mimi nilikuwa nikipiga vigelegele huku nahesabu siku, kwa kuwa nilijua kinachofuata. Anayekwenda Hija hapandi ndege kabla hajapita kwa watu wake kutaka radhi. Hupita mlango kwa mlango, kwa ndugu, kwa jirani, hata kwa yule aliyegombana naye juu ya ndoo ya maji. Bi atakuja kwangu. Atakuja kuniomba msamaha, yeye, mimi!

Alikuja Alhamisi baada ya alasiri. Nilimsikia ngazini tangu kidato cha kwanza. Hakuniita dirishani, aliona jambo hili halisemwi kwa dirisha. Akaingia, akakataa kiti, akakaa kwenye mkeka uleule, akanishika mkono. Mkono wake una hina mbichi ya safari.

"Mwanangu, mimi nnakwenda, na kurudi anajua Mungu. Tumekaa sana. Kama nimekukosea kwa neno, au kwa jicho, au nimekusengenya, maana nimekusengenya, nisikuongopee, nakutaka radhi. Nisamehe."

Nilitakiwa kusema, nimekusamehe Bi, na wewe nisamehe. Hivyo ndivyo isemwavyo, na yangekwisha. Mwenziwe hujibu hivyo akamtilia na nguo ya safari begani. Kanga nilikwisha nunua, iko kabatini. Mdomo ukafunguka nikasema, "Bi, wale kuku wa kipaimara, aliyewachinja ni mimi."

Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji asiyoitambua.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukanambia umeshachinjiwa."

"Nilikwambia hivyo. Nilikuongopea, Bi."

Akauondoa mkono wake, si kwa nguvu. "Lahaula," akasema polepole. Nikaanza kumwaga maneno, mazishi ya Mangapwani, askofu, yule kijana wa sokoni, mpaka na shekhe wa redioni nikamtia. Akainua kiganja chenye hina, nikanyamaza.

"Kuku si kitu," akasema. "Nimekula sijui, na Mungu anajua kwamba sijui. Na dada yangu nitamwambia mwenyewe. Lakini mimi nilikuuliza, wewe ukanijibu, na jibu lako nikalichukua vivyo hivyo bila ya kuligeuza nikalitazama chini. Miaka yote nayachukua hivyo maneno yako. Sasa niambie, nikayarudie moja moja?"

Nililia, na nilijiona mbaya kulia, kwa sababu kulia kwangu kulimfanya yeye mwenye kukosewa atafute kitambaa.

Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa kavu: "Nimekusamehe. Siwezi kwenda mbele ya Nyumba ya Mungu na kitu cha jirani moyoni. Nimekusamehe kwa ajili ya safari yangu. Kwa ajili yako wewe, nikirudi tutatazama." Akainuka kwa kushika ukuta. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa. Alipofika ngazi ya tatu ndipo nilipokumbuka kwamba yeye aliniomba radhi na mimi sikumpa. Nikapiga kelele kutoka chini, "Bi! Na mimi nimekusamehe!" Loo, aibu! Kama mtu anayetangaza samaki. "Naam, nimesikia," akajibu bila ya kugeuka.

Kesho yake nikaenda kwa mzee wa kahawa nikamwambia na yeye. Alikuwa ameshika birika. Alifikiri sana, akasema, "Ungewaacha wale kuku wakaishi siku moja zaidi, ukapika samaki." Ndivyo alivyonihukumu. Wala si uongo, samaki walikuwako.

Bi alirudi salama. Aliniletea maji ya zamzam kwenye kichupa na tende saba kwenye sahani, sawasawa na alivyowapelekea jirani wengine, si chini wala si zaidi. Nilizihesabu, ndivyo nilivyokuwa. Shikamoo yangu akaiitikia. Maji yakikatika akaniuliza. Nikaanza kupumua.

Halafu nikapika kuku kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mzee wa kahawa alikuja, akanoa, akachinja, akanywa chai yake. Bi akafungua dirisha.

"Umeshachinjiwa?"

"Nshachinjiwa, Bi."

Dirisha halikufungwa. Kisha nikasikia ngazini, kidato, pumzi, kidato, pumzi. Mtu wa magoti yale! Akatokea uani, akamwangalia kuku, akaiangalia shingo ilivyokatwa, akaangalia kikombe cha mzee bado kina chai ukingoni mwa kisima. "Haya," akasema, akapanda tena. Mchana alikula, na kunishukuru alinishukuru. Mara ya pili nikapika, ikawa vilevile. Mara ya tatu nikamwambia, "Bi, usijisumbue, ntakupandishia umwone." Akanijibu, "Usijisumbue wewe," akateremka.

Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa lipi? Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kila kidato alichokikanyaga mimi nilikisikia kifuani. Darasani nilimjibu yule mama wa mashuka, mbele ya wote: ndiyo, umemkosea, na kutojua kwake hakukuondolei kitu. Nikawaeleza kisa chote. Wakanitazama kwa namna ambayo hawajanitazama kabla, wengine kwa huruma, wengine sivyo. Padri alisikia, akaniita, akaniambia nimekuwa mwepesi wa mdomo. Nikamwambia, "Padri, sasa ndiyo umechelewa kuniambia."

Na leo ndiyo mara ya nne. Mzee wa kahawa amechinja asubuhi na mapema. Bi ameuliza, mimi nimejibu neno lilelile, na dirisha limefungwa. Tangu hapo nnasikiliza ngazi. Nimemnyonyoa kuku polepole, nimemwacha juu ya sinia bila ya kumkata, nimesubiri mpaka inzi wakaanza. Hakuna kidato. Adhana ya adhuhuri imelia, imekwisha. Nimempika kwa nazi, nimefunua sufuria mara nne, hakuna kidato.

Mwisho nikapakua nikapanda mwenyewe.

Bi alikuwa amekaa chini, mguu mmoja ameunyoosha, goti amelifunga kitambaa chenye mafuta ya karafuu. Harufu imejaa chumba. Basi ni magoti, nikajiambia, magoti tu, si kwamba ameniamini. Nikaweka sinia mbele yake. Kinywa changu kilikuwa kimejaa maneno: Bi, alikuja kweli, muulize, kikombe chake hakijaoshwa, nikuletee? Nikayauma yote.

Akanawa. Akavuta sinia karibu. "Bismillahi," akasema, akamega, akala. Hakuuliza kitu. Sijui kama ni magoti, sijui kama ni mimi, na sikuthubutu kumuuliza.

"Mbona umenisimamia kama askari?" akasema. "Kaa, ule."

Nikakaa. Akalivunja paja la kuku, akalisukuma upande wangu.